Kinga ya punguzo la bima: nimelipia miaka minne, na bado wamenipandishia

Jamani wenye magari, nimetoka kupigiwa hesabu ya bima ya mwaka ujao na damu bado yanichemka. Mnivumilie.

Mwezi wa tatu natoka feri upande wa Likoni hapa Mombasa, maji yamekupwa, ile rampu imesimama kama ngazi. Mbele yangu tuktuk imepakia magunia ya nazi, na kwa macho tu naona hii haipandi. Ikafika nusu, ikakohoa, ikanirudia kinyumenyume mpaka kwenye boneti. Taa ya kushoto kwisha, bampa yaning'inia kwa skrubu moja, nazi mbili zimekaa juu ya waipa. Kijana ashuka aniambia, "Pole, babu." Nina miaka 46! Na bima yake ilikuwa imeisha siku tano nyuma.

Fundi wangu wa Majengo akaniambia 20,000, taa ya mtumba na rangi ndani yake. Nilikuwa tayari kumlipa. Kisha nikakumbuka nina kinga. Kila mwaka natoa 2,500 juu ya bima kubwa ili punguzo langu la kutodai, lile upewalo kwa kukaa miaka bila kuidai kampuni fidia, asilimia 30, lisiguswe hata nikidai. Wakala mwenyewe aliniambia siku ananiuzia: "Ukigongwa wewe dai tu, usiogope."

Basi nikadai. Abstrakti ya polisi (karatasi yao ya ajali), asesa wa kukagua hasara, gereji ya kwenye orodha yao, wiki tatu napanda matatu. Bili ya gereji yao 38,000. Ekses, ile sehemu ya bili ajilipiayo mwenye gari, nikatoa 15,000 mfukoni mwangu. Kwa hivyo nikilinganisha na fundi wa Majengo, nimeokoa 5,000. Elfu tano!

Sasa tazameni hesabu yenyewe. Gari ni ya 900,000. Mwaka jana walinikata asilimia 4, yaani 36,000. Toa 30 kwa mia, nikalipa 25,200. Mwaka huu wamenikata asilimia 5.5. Hiyo ni 49,500, toa ile ile 30, nilipe 34,650. Nyongeza ya 9,450, na gari imezeeka mwaka mzima.

Nampigia wakala. "Lakini baba, asilimia 30 yako si ipo? Haikuguswa."

Ipo, naam. Imekaa pale kwenye karatasi yanichekea. Ni sawa na muuza samaki wa Kongowea akuahidi kukupunguzia robo bei siku zote, kisha apandishe bei ya changu. Nikamwambia kosa halikuwa langu, ni la tuktuk. Akanijibu, "Punguzo ni la kutodai, baba, si la kutokosea." Hapo nilikosa la kusema, maana ni kweli. Ila hakuniambia hivyo siku ya kuniuzia.

Binamu yangu aishi Leicester, nikamlilia kwa WhatsApp. Akacheka, akanitumia picha ya karatasi zake za bima. Kumbe huko Uingereza mamlaka ya ushindani ilitoa amri mwaka 2015: kampuni ikikuuzia kinga hii lazima ikuandikie waziwazi kwamba hailindi bei ya bima yako, na kwamba bei yaweza kupanda hata ukigongwa bila kosa. Tena ikuonyeshe kinga yenyewe yakugharimu kiasi gani. Mimi nimepekua karatasi zangu zote, hata ile ya maandishi ya sisimizi, sentensi kama hiyo sijaiona.

Najua kuna atakayekuja kuniambia bila kinga ningepoteza 30 yote nilipe 49,500. Kweli, ndugu yangu. Lakini bila kinga nisingedai! Ningemlipa fundi 20,000, yakaishia pale feri, na bima ningelipa ile ile 25,200. Kinga ndiyo iliyonipa kiburi cha kwenda kudai taa na bampa. Labda yamfaa mtu aliyebinuka Mariakani gari ikawa chapati. Kwa mkwaruzo wa mjini, mimi nimelipa 10,000 kwa miaka minne ili nishawishike kujiharibia.

Bima yangu yaisha Jumamosi. Kinga nishawaambia waitoe. Wenzangu mliowahi kudai mara moja tu, mlipandishiwa kwa miaka mingapi kabla bei kurudi chini? Na kuna yeyote aliyehama kampuni akakubaliwa punguzo lake kule alikokwenda?