Harrier ya 2004: handbreki iko wapi, na taa nyekundu haizimiki

mgeni_wa_usukani: Wakuu habari zenu. Harrier ya 2004, otomatiki. Kati ya viti hakuna mkono wa handbreki. Kwenye dashibodi taa nyekundu ya breki inawaka muda wote. Gari linalala kwenye mlima kwa P (gia ya kuegesha) tupu, na asubuhi ukitoa gia linagonga "ko!". Msaada tafadhali.

Spana17: Mkuu, hiyo handbreki ni ya mguu. Inama uchungulie kushoto kabisa kwa pedali ya breki, utaona pedali nyingine ndogo. Kufunga: kanyaga kwa mguu wa kushoto mpaka ikaze na ibaki chini. Kuachia: mguu wa kulia uwe kwenye breki, kanyaga ile ndogo tena kwa nguvu, inua mguu, itarudi juu yenyewe.

Inawezekana unatembea imefungwa nusu. Ukishaiachia na taa bado inawaka, fungua boneti uangalie kikopo cha mafuta ya breki, maana taa ni hiyohiyo moja. Yakiwa chini ya MIN usijaze tu ukaondoka. Kagua pedi kama zimeisha, na kama kuna tairi lenye unyevunyevu kwa ndani.

Mama Gereji: Hiyo "ko!" ya asubuhi inatokana na mpangilio. P ni kijino cha chuma ndani ya gia boksi, na wewe umekitwika gari zima. Fanya hivi: breki ya kawaida, gia N (huru), kanyaga handbreki, legeza breki taratibu gari likae kwenye handbreki, ndipo uweke P. Asubuhi toa P kwanza, handbreki baadaye. Kwenye kuteremka kata tairi za mbele kuelekea ukingo wa barabara.

mgeni_wa_usukani: Asanteni sana, nimeiona na taa imezima. Ila nikiikanyaga inafika karibu na sakafu na gari bado linasogea.

Spana17: Huenda shuu (vipande vya breki vinavyotanuka na kubana kwa ndani) zimelika au zimeungua. Harrier nyuma ina disiki, lakini handbreki ina shuu zake ndogo ndani ya kitovu cha disiki. Mafundi wengi hukimbilia kukaza waya, ndiyo maana hairekebishiki. Ianzie kwenye shuu: weka kabari mbele, piga jeki, achia handbreki, vua tairi, toa kiplagi cha mpira kwenye disiki, kupitia tundu hilo zungusha kigurudumu cha meno kinachotanua shuu kwa bisibisi bapa mpaka disiki igome, kisha rudisha meno kama manane izunguke bila kukwaruza. Fanya pande zote mbili. Waya unakazwa mwishoni.

Mama Gereji: Shuu zikiwa nyeusi zinang'aa kama kioo, nunua mpya, msasa haurudishi kitu. Na endesha kidogo kisha sogeza kiganja karibu na rimu za nyuma bila kugusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake, huenda waya wa upande huo umeshika kutu ndani ya ganda. Ukiwa na kutu, huo unabadilishwa.