Simu ya zamani kuwa kamera ya mlangoni saa 24: naomba ushauri kabla sijaifunga dirishani

Kioo Nyufa (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Nina simu ya Android 9, RAM GB 3, betri mAh 3000 isiyotoka kirahisi. Kioo kina nyufa ila kamera ya nyuma ni nzima na Wi-Fi inashika vizuri. Nataka iwe kamera ya kudumu ya kuangalia mlango wa nje, ikae dirishani kwa ndani, ichomekwe chaji muda wote. Kuna kompyuta ndogo ya Linux inayowaka saa zote, kwa hiyo kurekodi kunaweza kufanyika huko.

1. Nitumie programu gani ambayo haipitishi picha kwenye seva ya mtu mwingine?
2. Betri itavumilia chaji ya kudumu?
3. Nikiwa mbali nitaionaje? Nimeshauriwa nifungue poti (mlango wa kuingilia kutoka intaneti) kwenye ruta.
4. Usiku itaona?

Poti Wazi

Anza kwa kuisafisha simu, na ufuate mpangilio huu: ondoa kwanza akaunti ya Google ndani ya mipangilio, ndipo uirudishe kwenye hali ya kiwandani. Ukiifuta kwa vitufe vya kuwashia huku akaunti bado imo, ikiwaka itakudai nenosiri la akaunti ile ile. Huo ni ulinzi dhidi ya wezi, na wengi hudhani simu imeharibika. Ukishaiwasha, weka akaunti mpya ya kazi hii tu, pakua programu, halafu uondoe akaunti hiyo. Laini usiweke.

Programu: IP Webcam. Inaigeuza simu kuwa seva ndogo ndani ya mtandao wako. Weka jina na nenosiri kwanza, kisha shuka mwisho wa menyu uanzishe seva. Anwani itatokea kwenye kioo, mfano http://192.168.1.50:8080. Ifungue kwenye kompyuta iliyo kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, picha itaonekana.

Ukubwa wa picha weka 1280×720, fremu 15 kwa sekunde. Kishawishi cha 1080p na fremu 30 kipo, ila simu ya umri huo itachemka na mwishowe itaanza kudondosha fremu yenyewe. Mtu anayetembea kuja mlangoni anaonekana vizuri tu kwa fremu 15.

Kisha nenda kwenye ruta uitengee simu anwani yake kwa kutumia namba ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa kwenye mtandao), la sivyo siku umeme ukikatika na kurudi itapewa anwani nyingine na kila ulichopanga kitaitafuta mahali isipokuwepo. Wenye Android 10 kwenda juu waangalie hapa: simu zao hutumia MAC ya kubuni kwa kila mtandao, na ukiifuta simu inabadilika. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo, chagua itumie MAC halisi ya kifaa.

Betri Kitumbo

Swali la 2 ndilo la hatari, nashangaa limewekwa katikati.

Betri ya lithiamu huzeeka haraka kwa mambo mawili yakikutana: volti ya juu na joto. Ikikaa 100% muda wote, iko kwenye volti yake ya juu kabisa. Dirishani kuna jua, na kamera yenyewe inachemsha simu kwa ndani. Ndiyo maana simu za kazi hii huishia kuvimba. Kwa hiyo usiiache kwenye 100%.

Simu mpya nyingi zina kitufe cha kuzuia chaji isipite 80%. Android 9 kwa kawaida haina, hivyo unabaki na kuikata chaji kutoka nje. Piga hesabu: mAh 3000 kwa volti 3.85 ni kama wati-saa (Wh) 11.5. Kamera pamoja na Wi-Fi tuseme vinakula wati 2.5. Kutoka 80% hadi 30% ni nusu ya betri, yaani Wh 5.8, sawa na saa mbili na robo hivi. Chaja ya wati 10 itarudisha kiasi hicho kwa takriban saa moja, maana wati 2.5 zinaliwa papo hapo na nyingine zinapotea kama joto.

Soketi ya taima inaweza kufanya kazi hiyo kwa kuwasha saa moja na kuzima saa mbili, lakini haijui asilimia ya betri. Ukiipa dakika nyingi kuliko inavyohitaji, itapanda polepole kila mzunguko hadi ifike 100%. Ukiipa chache, itazimika usiku. Lazima ukae nayo siku nzima ukisoma asilimia na kurekebisha.

Njia safi zaidi ni soketi janja inayoamriwa na hiyo Linux yako. IP Webcam ukiiruhusu kuweka kumbukumbu za vihisi, inatoa kiwango cha betri na joto lake kwenye ukurasa wa /sensors.json. Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani unayoiweka kwenye Linux, inausoma. Weka kanuni mbili: betri ikishuka chini ya 35 washa soketi, ikipita 75 zima. Ongeza ya tatu: joto la betri likipita nyuzi 45, zima bila kujali asilimia.

Kuna wanaoshauri "tumia chaja dhaifu", lakini hiyo inapunguza joto tu. Chaja dhaifu nayo ikiachiwa muda itafika 100%, ila kwa kuchelewa.

Volti Nne

Mambo ya taima yote ya nini? Toa betri, weka kishusha volti kinachotoa 4.0 kutoka kwenye adapta ya 5V, unganisha kwenye plasi na mainasi za betri. Hakuna betri, hakuna kuvimba.

Betri Kitumbo

@Volti Nne inawezekana, ila umeruka yanayowakwamisha watu. Kiunganishi cha betri kina pini zaidi ya mbili. Mojawapo kwa kawaida ni ya kihisi joto, na simu isipokisoma hugoma kuwaka au hudai betri ni mbovu. Kwa hiyo unabaki na kile kibao kidogo cha ulinzi kilicho kichwani mwa betri, ambacho kukitenganisha na seli ni kukata vipande vya chuma vilivyo milimita chache kutoka vinapoweza kugusana na kupiga shoti.

Pili, simu ikianza kuwaka hunyonya ampea 2 au zaidi kwa mkupuo. Waya ukiwa mwembamba au mrefu volti inaporomoka na simu inajiwasha na kujizima bila kufika popote. Unahitaji waya mnene mfupi, kishusha volti cha ampea 3, na kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu kabisa na kiunganishi. Asiye na malitimita na mkono mzuri wa kulehemu aachane nayo. Mleta uzi hajasema anavyo.

Poti Wazi

Na ikiwa haina betri, umeme ukikatika kamera inakufa hapo hapo. Ingawa tuseme ukweli, ruta nayo itakuwa imekufa, kwa hiyo betri ya simu peke yake haikusaidii kutuma picha. Ruta na kompyuta viwe na betri yao ya akiba, au simu irekodi kwenye kadi yake.

Anwani Mia

Swali la 3: aliyekwambia ufungue poti hakutakii mema, au hajui. Poti 8080 hutafutwa na roboti za mtandaoni mchana na usiku. Picha zako zinasafiri kwa http bila kusimbwa, nenosiri nalo hivyo hivyo, na nyuma yake kuna Android 9 ambayo haipokei tena viraka vya usalama.

Isitoshe huenda isifanye kazi kabisa. Fungua ukurasa wa ruta uangalie anwani iliyopewa upande wa intaneti. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na poti utakayofungua haifikiki kutoka nje.

Weka Tailscale (huduma inayounganisha vifaa vyako kwa mtandao binafsi uliosimbwa) kwenye Linux na kwenye simu unayotembea nayo. Kwenye simu ya kamera usiweke chochote. Ruhusu Linux kupitisha pakiti (net.ipv4.ip_forward = 1), kisha:

sudo tailscale up --advertise-routes=192.168.1.50/32

Halafu ingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa Tailscale uikubali hiyo njia. Wengi wanasahau hatua hii ya mwisho na kuanza kulalamika. Nimeandika /32 kwa makusudi: ukiwa nje utaifikia kamera na hiyo Linux tu, si mtandao mzima wa nyumbani.

Kama hutaki akaunti ya kampuni nyingine na una anwani halisi ya umma, WireGuard tupu (programu ya VPN unayoiendesha mwenyewe) inatosha. Hapo utafungua poti moja ya UDP, kwa kawaida 51820, ambayo haimjibu asiye na ufunguo. Ni tofauti kubwa na kuianika 8080.

Ruta ikiwa na sehemu ya kuzuia kifaa kisitoke intaneti, izuie hiyo simu ya kamera. Kompyuta itaendelea kuiona. Ila usiiweke kwenye Wi-Fi ya wageni, ruta nyingi hutenga vifaa vya humo visionane.

Lenzi Kavu

Usiku, kwa kifupi: bila taa ya nje hutaona kitu. Kamera za ulinzi zina taa za infraredi na lenzi inayoziona, lakini kamera kuu ya simu ina kichujio kinachozizuia. Jaribu mwenyewe, elekeza rimoti ya TV kwenye kamera ya nyuma na ubonyeze. Kamera ya mbele mara nyingi huonyesha doa la zambarau, ya nyuma huonyesha kidogo au haionyeshi kabisa.

Hata ungenunua taa ya infraredi, ukiiweka ndani ya dirisha itagonga kioo na kurudi, upate ukungu mweupe. Funga taa ya kawaida nje yenye kihisi mwendo, upande ambao haiipigi lenzi moja kwa moja. Lenzi iguse kioo cha dirisha au izungushiwe sponji nyeusi, ili mwanga wa chumbani usijiakisi. Na ielekee mlangoni kwako, isichungulie kwa jirani.

Kioo Nyufa (mleta uzi)

Nawashukuru sana wakuu. IP Webcam imewaka, soketi janja nimeipanga na Home Assistant. Tatizo: nikizima kioo, baada ya dakika chache picha inaganda. Nikiwasha chaguo la kutolala kwenye menyu ya wasanidi inatulia, lakini soketi ikikata chaji inaganda tena. Na ningeomba amri ya kurekodi.

Poti Wazi

Hapo ni mambo mawili yanagongana. Kuanzia Android 9, programu iliyolala nyuma hainyimwi tu muda, inanyimwa hata kamera yenyewe. Na lile chaguo la wasanidi la kutolala hufanya kazi pale tu simu inapochaji. Soketi ikikata, nalo linakufa. Lizime, utumie chaguo lililomo ndani ya IP Webcam la kuacha kioo kikiwaka, ambalo halitegemei chaji. Mwanga wa kioo ushushe hadi mwisho. Kama kioo ni cha aina ya AMOLED, kifanye kioneshe weusi mtupu, kisije kikachoreka maandishi ya kudumu. Kama ni LCD haidhuru.

Kisha iondoe IP Webcam kwenye kubana matumizi ya betri, na kama simu ina orodha ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha zenyewe, iweke humo. Watengenezaji wengine wana kiuaji chao cha ziada, kwa hiyo ifunge pia kwa alama ya kufuli kwenye orodha ya programu zilizo wazi.

Anwani Mia

Kurekodi, tumia ffmpeg (programu ya video ya kuandikia amri) kwenye Linux:

ffmpeg -rtsp_transport tcp -i "rtsp://jina:siri@192.168.1.50:8080/h264_ulaw.sdp" -c copy -an -f segment -segment_time 600 -reset_timestamps 1 -strftime 1 "/rekodi/%Y%m%d-%H%M%S.mkv"

-c copy haichakati video upya, hivyo kompyuta haitahangaika. tcp inazuia picha kuchanika Wi-Fi ikiyumba. -an inaacha sauti. Inakata faili kila dakika 10. Nimeweka mkv badala ya mp4 kwa sababu mp4 ya kawaida huandika faharasa yake mwishoni, umeme ukikatika katikati faili lote halifunguki, ila mkv inasomeka hadi ilipoishia.

Iendeshe kama huduma ya systemd (msimamizi wa huduma wa Linux) yenye Restart=always na RestartSec=10, maana kamera ikipotea ffmpeg mara nyingi hufa na hairudi yenyewe.

Nafasi: mkondo wa Mbps 2 ni GB 21.6 kwa siku, wiki ni kama GB 151. Weka hii kwenye cron (kipanga ratiba cha Linux) ya kila siku, ifute rekodi za zamani:

find /rekodi -name "*.mkv" -mtime +6 -delete

Betri Kitumbo

Nyongeza ya ufungaji: toa kava ili joto litoke, weka pazia kati yake na jua la moja kwa moja bila kuziba lenzi, na ukunje kebo kidogo karibu na tundu la chaji isining'inie kwa uzito wake. Usiibandike kwa gundi. Tumia kishikio cha simu, maana kila wiki unatakiwa uitoe uangalie mgongo wake. Ukiona umeinuka, kioo kimeachia pembeni au kimepata doa la manjano katikati, chomoa, zima, usiibonyeze irudi wala kuitoboa. Iweke kwenye sakafu ya zege au vigae mbali na mapazia na mbao, hadi uifikishe kwa wanaokusanya taka za vifaa vya umeme. Kwenye pipa la taka za kawaida isiingie.