Hizi filamu za wadukuzi zinatugombanisha mafundi na wateja, nimechoka!

Wakuu heshima kwenu. Naandika nina hasira, nikirukaruka mnivumilie.

Mimi ni fundi wa kompyuta, mwaka wa kumi na mbili sasa. Kazi zangu mnazijua: kupiga Windows, kubadilisha kioo cha laptopu kilichokaliwa na mtoto, kutoa mende kwenye feni, kuokoa picha za harusi kwenye fleshi iliyofuliwa pamoja na suruali. Sijawahi kudukua benki. Sina skrini yenye herufi za kijani zinazomiminika kama mvua. Nina taa, bisibisi, brashi ya vumbi na kibao kilichoandikwa HAKUNA MKOPO.

Sasa sikilizeni kisa. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja wa mtaani kwetu, ana duka la vifaa vya ujenzi. Usiku wamemvunjia, wamebeba rangi, nyaya na mashine ya kuchomelea. Kashika fleshi yenye video ya kamera ya dukani. Nikamwamkia, nikampa kiti, tukaifungua.

Kamera yenyewe ya bei ya kutupwa, imefungwa chini ya paa, buibui kashajenga mbele ya kioo. Mwizi anakatiza kwenye kona ya picha kwa sekunde nne, gizani, kavaa kofia. Nikamkuza. Uso mzima ulikuwa na pikseli, yaani vile vidoti vinavyojenga picha, 14 tu kwa upana. Nilizihesabu mbele ya mzee kwa ncha ya kalamu. Hapo huoni pua, unaona vigae vya bafuni.

"Haya, ivute sasa," mzee akasema. "Isafishe."

Nikamwambia mzee wangu, hii siyo picha chafu. Ingekuwa chafu ningeifuta. Uso wenyewe haukuingia kwenye kamera, na kitu ambacho hakikuingia siwezi kukitoa. Mzee akacheka kile kicheko cha mtu mzima anayejua anaibiwa. "Kijana, mimi nyumbani nina king'amuzi. Nawaona wanavyovuta mpaka wanasoma namba ya gari kwenye mboni ya jicho. Kama ni hela taja, usinizungushe."

Ndiyo maana nauliza, hawa watengeneza filamu sisi mafundi tuliwakosea nini? Angalia Blade Runner ya mwaka 1982. Harrison Ford yupo kwenye kochi na kinywaji chake, anaiambia mashine nenda kulia, sogea, simama, na picha moja ya kawaida inamfikisha hadi kwa mwanamke aliyelala chumba kingine, kwa kupitia kioo cha ukutani. Hiyo angalau walisema ni mambo ya mwaka 2019. Sawa, 2019 imekuja na imepita, kamera ya mzee bado ina buibui. Enemy of the State ya 1998 haina hata kisingizio hicho. Wana video ya kamera ya dukani, kamera imetulia sehemu moja, na jamaa anaizungusha picha ili aone upande wa pili wa mfuko. Upande ambao kamera haikuuona! Ni sawa na umpige mtu picha ya pasipoti halafu uigeuze nyuma utazame kisogo chake.

Mzee akaondoka zake kwa kijana wa mtaa wa pili, ambaye alimwambia "hiyo ndogo". Kwa elfu themanini akamtolea uso safi kabisa, una nyusi, una meno, una hadi kishimo kidevuni. Katumia programu ya akili mnemba. Mzee akauchapa, akaubandika dukani. Na binadamu tulivyo, uso ukiutazama sana utampata tu wa kufanana nao. Wakampata: dogo wa bodaboda wa kijiwe cha pale pale. Jamani, yule kijana alikuwa kashakunjwa shati, watu wameanza kuokota mawe. Kilichomwokoa ni msiba. Usiku ule wa wizi alikuwa Morogoro kumzika bibi yake, na nauli ya kwenda walimchangia hao hao wa kijiweni.

Niwaambie kilichotokea. Ile programu haikusafisha uso, iliutunga. Imelishwa nyuso maelfu kwa maelfu. Ukiipa vigae 14 inachora mtu yeyote ambaye vigae hivyo vinaweza kumtosha. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani walitoa programu ya namna hiyo, inaitwa PULSE. Watu wakaipa picha ya Barack Obama iliyofifishwa. Mnajua ilimtoa nani? Mzungu. Rais mzima, uso unaojulikana dunia nzima mpaka Kogelo, katoka mzungu. Dogo wa bodaboda atapona wapi?

Tangu siku hiyo nikiona kompyuta kwenye filamu natafuta ugomvi. Mke wangu kashaniambia nitazame peke yangu.

Ile tamthilia ya wapelelezi ya NCIS, kipande chake cha 2004, kwa mfano. Mdukuzi anawaingilia ofisini, dada anabofya kwa kasi, hatoshi, mwenzake anakuja wanabofya kibodi MOJA watu wawili. Mikono minne! Jaribuni nyumbani kuandika hata "Mpendwa mama" kwa mtindo huo. Halafu bosi wao anachomoa waya wa umeme, skrini inazima, tatizo limekwisha. Ni kama kufumba macho ili mwizi atoke ndani. Au wale wa tamthilia ya CSI: NY, dada kaona ujumbe wa muuaji, anasema atatengeneza programu yenye madirisha kwa lugha ya Visual Basic ili amfuatilie kwa anwani yake ya IP, ile namba ya kompyuta mtandaoni. Hiyo ni sawa na kuambiwa mgonjwa kazimia ukajibu, "Subirini, nashona koti jeupe."

Kwenye The Net ya 1995 kuna anwani ya IP yenye 345 ndani yake. Anwani hiyo ni vipande vinne vya namba, kila kipande kinaishia 255, hakuna 345. Hiyo nimewasamehe, maana wakiweka ya kweli kuna mtu atasumbuliwa, kama zile namba zao za simu za 555 zisizo na mwenyewe. Ila Skyfall ya James Bond siisamehi. Q, fundi mkuu wa ujasusi wa Uingereza, anashika laptopu ya adui mdukuzi na kuichomeka kwenye mtandao wa ofisi. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo akinifanyia hivyo kibandani namrudisha kwao. Tena Bond anasoma jina la kituo cha treni, Granborough, katikati ya namba za heksadesimali, zile za kompyuta zenye tarakimu na herufi A mpaka F basi. Hiyo G na R zimetoka wapi?

Na Independence Day, 1996. Jeff Goldblum anaambukiza virusi meli mama ya viumbe wa anga za mbali kwa laptopu ya Apple. Mimi jana nimehangaika saa nzima laptopu ya Apple ikubali kuongea na printa.

Kuna moja lakini iliniadhiri. Miaka yote nilikuwa naicheka Jurassic Park, pale binti anapokaa mbele ya kompyuta, anaona maboksi yanayopaa kama ndege, anasema huu ni Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, anaujua. Nilicheka mpaka siku niliposoma kwamba ile programu ilikuwepo kweli. Iliitwa fsn, ya kampuni ya Silicon Graphics, kazi yake ni kuonyesha mafaili kama majengo. Nilinyamaza. Mpaka leo naona haya, maana niliwabishia watu kwa sauti kubwa sana.

Haya, nisije nikaonekana mlalamishi tu. Zipo za kutazama.

Anzeni na WarGames ya 1983. Ya zamani, kompyuta zake kama majokofu, lakini ina akili. Kijana anataka kubadilisha maksi zake za shule. Paswedi anaipataje? Hadukui kitu, anaisoma kwenye karatasi ofisini kwa katibu wa shule. Ukweli mtupu! Nimeingia ofisi ngapi, ukigeuza kibodi unakuta paswedi imebandikwa kwa selotepu. Halafu anaacha modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa laini ya simu, ipige simu namba moja baada ya nyingine mpaka ipokelewe na kompyuta, nayo ni njia iliyokuwa ikitumika kweli. Rais Reagan wa Marekani aliitazama Camp David, kwenye makazi ya mapumziko ya marais wao, akawauliza majenerali wake kama jambo hilo linawezekana. Jibu lililorudi ni kwamba hali ni mbaya kuliko anavyodhani, na mwaka uliofuata akasaini agizo la kulinda mifumo ya kompyuta ya serikali. Filamu ya watoto wa shule hiyo.

Sneakers ya 1992 itafuteni pia. Kina Robert Redford wanaingia kwenye majengo kwa maneno matamu, keki na maputo zaidi kuliko kwa kompyuta. Masuala ya hesabu walisaidiwa na Leonard Adleman, ambaye ndiye hiyo A ya RSA, usimbaji unaolinda mambo mengi ya mtandaoni mpaka leo. Mr. Robot ni tamthilia siyo filamu, ila iko sawa, sina maneno. The Matrix Reloaded mnaweza kuiacha yote mkabaki na nusu dakika ya Trinity: anatumia Nmap, chombo halisi cha kukagua mtandao, kisha anapitia tundu la SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, tundu lililogunduliwa kweli mwaka 2001. Nusu dakika hiyo nimeirudia kuliko harusi yangu.

Ila nikiambiwa nichague moja tu nitachagua ya ukweli, Billion Dollar Heist ya 2023. Inahusu wizi wa Benki Kuu ya Bangladesh, Februari 2016. Mnakumbuka Swordfish, Hugh Jackman kawekewa bastola kichwani aingie kwenye mtandao wa serikali kwa sekunde 60, pamoja na mambo mengine ambayo siyaandiki, humu kuna watoto? Hawa wa Bangladesh waliingia kwa barua pepe ya mtu anayeomba kazi, na wasifu wake kaambatanisha. Wakakaa ndani kimya karibu mwaka mzima, wanasoma jinsi watu wanavyofanya kazi. Siku yenyewe wakaagiza karibu dola bilioni 1 zitolewe kwenye akaunti ya benki hiyo kule New York. Nyingi zilizuiwa, milioni 81 zikaishia Ufilipino. Kuna milioni 20 zilikwama kwa sababu waliandika vibaya neno moja la Kiingereza, badala ya "foundation" wakaweka "fandation".

Na kengele ya hatari ilikuwa nini? Siyo taa nyekundu zinazozunguka. Printa! Ile printa inayotoa taarifa za miamala iligoma, na wafanyakazi wakadhani ni ugonjwa wa kawaida wa printa. Nani angewalaumu? Wadukuzi ndio waliokuwa wameizima.

Sisi wenyewe tunao wa hivyo. "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hana kompyuta huyo, hana kofia nyeusi, ana kisimu cha tochi na laini aliyosajili kwa jina la bibi wa watu, na amewaliza wengi. Sijaona mtu wa Hollywood anayemtengenezea filamu.

Halafu kuna Who Killed Captain Alex? ya Uganda, 2010, ya Nabwana wa Wakaliga, Kampala. Ndani yake hakuna mdukuzi, kuna helikopta za kuchora na damu ya rangi. Ninaipenda kwa jambo lililotokea nje ya filamu: nakala yenyewe ya asili ilifutwa kwenye kompyuta ili ipatikane nafasi ya kutengenezea filamu iliyofuata. Diski ilikuwa imejaa. Inayotazamwa leo ni ile iliyobaki, yenye maneno ya mkalimani juu yake. Kompyuta ninayoijua mimi ndiyo hiyo. Mtu amekaa hapo, anatazama mafaili, anaamua kipi kife.

Kwa hiyo wenye filamu nyingine za kweli leteni, hata za Kihindi au za Kikorea. Nataka hasa yoyote ambayo mtu anahamisha mafaili kutoka kwenye diski mbovu na inamchukua siku mbili, kama inavyonichukua mimi, na mteja anapiga simu kila baada ya saa moja.

Yule mzee, kwa wanaotaka kujua, alirudi jana. Ya kamera hatukuongea. Kaleta printa ya dukani, haitoi risiti vizuri. Nikaifungua, nikachomoa kipande cha karatasi kilichokwama kwenye rola, nikaifunga. Dakika moja na nusu, kasi ya Hollywood kabisa. Nikamwambia elfu tano, mzee wangu.

"Elfu tano ya nini?" akasema. "Hapo umefanya kazi gani?"