Kikokotoo gani kisicho na namba? Yule bwana amenivunjia heshima mbele ya kikundi kizima

Mlehemu_Usiku (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Ninaandika huku mkono ukitetemeka na chuma cha kulehemu hakijapoa, kwa sababu nikingoja hadi kesho hasira zitakuwa zimeshuka na nitamsamehe, na mtu huyu hastahili msamaha wa bure. Jina lake silitaji, wala hakuna haja ya kulitaja. Kila aliyewahi kukaa nasi meza moja anamjua: ndiye anayetembea na kalipa mfukoni, anayepima hata unene wa chapati kabla hajaimega.

Mnajua kwamba kikundi chetu kimekuwa kikibuni kibodi ndogo ya vitufe 47, yenye mistari minne ya kulala na kumi na miwili ya kusimama, ambapo kitufe cha nafasi kinakalia sehemu ya vitufe viwili. Bodi ya saketi nimeichora mimi kwenye KiCad, ile programu ya kuchorea bodi, njia moja baada ya nyingine, usiku watu wakiwa wamelala. Kutoka katikati ya swichi moja, kile kidude kinachokaa chini ya kila kitufe, hadi katikati ya jirani yake ni milimita 19.05, kwa hiyo eneo lote la vitufe lina upana wa milimita 228.6 na kina cha milimita 76.2. Nimezitaja hizo desimali kwa makusudi, maana mpenda desimali ni yeye.

Sasa sikilizeni. Leo jioni sampuli ya kwanza ilikuwa mezani, imeshalehemiwa, imechomekwa kwenye kompyuta na inaandika. Watu wanapokezana, kila mmoja anatamka neno lake jema, mpaka ikamfikia yeye. Hakuandika hata herufi moja. Aliichomoa waya, akailaza kwenye kiganja cha kushoto, akanyoosha kidole kimoja cha kulia, akawa anabonyeza polepole huku amekunja uso, kisha akanitazama na kusema kwa sauti ya kusikika hadi barazani: "Mteja wangu, kilo tatu za vitunguu, jumla yako inakuja… hebu ngoja. Kitufe cha kujumlisha wamekiweka wapi?"

Watu walicheka hadi chai ikamwagikia mfuko wa swichi. Mwenye nyumba alicheka. Mtoto wa mwenye nyumba, ambaye hajui kibodi inaliwa au inavaliwa, alicheka hadi akakaa chini. Jogoo wa jirani aliwika saa mbili usiku, na mimi nina hakika hakuwa anawika, alikuwa anacheka.

Kidole kimoja! Kibodi niliyoichora ili mtu aandike kwa vidole kumi bila kuinua viganja, yeye anaibonyeza kwa kidole kimoja! Na kikokotoo gani, naomba mnijibu, kisicho na hata namba moja usoni? Nani alisimama kwenye kikao cha mwanzo akasema safu ya namba ni anasa, iondolewe, namba zihamie tabaka la pili na zipatikane kwa kushikilia kitufe kingine? Ni yeye. Nani aliondoa vitufe vya mishale akidai mtu mzima hahitaji kuonyeshwa njia? Ni yeye huyohuyo. Ameondoa namba kwa mkono wake mwenyewe, halafu anakuja kuniuliza bei ya vitunguu!

Sitaki ushauri. Nilitaka tu mjue.

Kitufe_Kimoja

Pole sana, mkuu. Nimeusoma uzi wako wote kwa huzuni inayostahili, isipokuwa kuna jambo umeliacha ambalo sisi wasomaji tunalihitaji ili tuhukumu kwa haki: hizo kilo tatu za vitunguu zilifika shilingi ngapi?

Mlehemu_Usiku

Nilijua atakuja mtu wa namna hii kabla hata ya mtu wa maana. Ndugu, soma tena: alichomoa waya kwanza. Yaani aliijua kuwa ni kibodi, akaivua ukibodi, ndipo akaitukana.

Dada_Fimwea

Mleta uzi, niko upande wako, na mimi pia nina langu na bwana huyo. Programu inayoendesha kibodi hiyo nimeiandaa mimi kwa QMK, programu huria ya kuendeshea kibodi. Vitufe 47 haviwezi kupewa pini, yaani mguu wa umeme, moja kila kimoja, ndiyo maana tumeviunganisha kwa gridi. Mistari minne na kumi na miwili inakuwa pini 16, na Pro Micro, kile kibao kidogo ambacho ndicho ubongo wa kibodi, ina pini 18 za kutumia, kwa hiyo zilibaki mbili. Akaja na kirungu cha kuzungusha ili apandishe na kushusha sauti ya muziki. Kirungu kinakula pini mbili. Nikameza mate, nikakipa. Kesho yake akataka na taa za rangi chini ya kasha, ambazo zinadai pini moja zaidi, na nilipomwambia zimekwisha alinijibu, "Tafuta, dada, hukosi." Nitafute wapi? Kariakoo? Pini zimetoka kiwandani zikiwa zimehesabiwa, hazitembezwi na machinga.

Mzee_wa_Bamba

Wanangu, huyo nimemvumilia kabla ninyi hamjajua kushika chuma cha kulehemu, na kama ni kupanga foleni ya waliokosewa, mimi nikae mbele. Bamba la kushikia swichi nilikata mimi. Tundu la swichi ni mraba wa milimita 14, hilo nililikata vizuri. Tatizo ni unene. Vijino vya pembeni mwa swichi za MX, aina tunayotumia, vimetengenezwa vishike bamba la milimita 1.5, vinase kwa chini vikwame. Nilikuwa na chuma cha unene huo tayari. Yeye akaniambia akriliki ya milimita 3 inapendeza zaidi, ukipitisha taa inang'aa, na kwamba swichi "zitajishikilia zenyewe." Kila nikivuta kifuniko cha kitufe ili nisafishe vumbi, swichi nzima inatoka nacho. Herufi E nimeishika mkononi sasa hivi ninapoandika, na mtaona kwamba nimeandika sentensi hii kwa kibodi ya kuazima.

Kitufe_Kimoja

Mzee wangu, ikikusumbua, ibebe tu mfukoni, siku hizi kila kitu ni cha kubebeka.

Mpenda_Makumbusho

Naomba niseme jambo ambalo halitampendeza mleta uzi. Kuchekwa kwa sababu ya kibodi ndogo si jambo geni wala si heshima ya kipekee uliyopewa wewe. Wajapani walitoa Happy Hacking Keyboard mwaka 1996, kazi ya Profesa Eiiti Wada pamoja na kampuni ya PFU, ikiwa na vitufe 60 tu na bila mishale, na Ctrl imewekwa pale ambapo wengine wanaweka kitufe cha kufungia herufi kubwa. Watu wanaitumia hadi leo. Kwa hiyo kama hoja yako ni kwamba kibodi ndogo ni kibodi kamili, hoja hiyo ilikwisha kushinda kabla hujaanza kulia. Kama hoja yako ni vitunguu, hapo sina msaada.

Mlehemu_Usiku

Hoja yangu si ukubwa wa kibodi. Hoja yangu si Japani. Hoja yangu ni kidole kimoja, kiganja cha kushoto, na watu wazima tisa wakipiga meza kwa vicheko. Alikunja uso, ndugu zangu! Alikunja uso namna ile wauzaji wanavyokunja wakijua umeshazidisha deni. Profesa Wada angefanyiwa hivyo angerudi kufundisha hesabu.

Mwandishi_wa_Mombasa

Hilo la namba mbona ni dogo. Mwenzenu nimepewa sampuli ya mpangilio niijaribu kwa kuandika Kiswahili, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku, na mkato wa juu sikuuona. Nikauliza. Nikaambiwa uko tabaka la tatu, ushikilie vitufe viwili vya dole gumba ndipo ubonyeze cha mwisho kulia. Sasa mimi naandika ng'ombe, ng'ambo, kung'oa na ng'o kutwa nzima, kila neno linanidai vidole vitatu na dua. Wakati huohuo Q na X, ambazo tahajia yetu haizihitaji kabisa, zimeketi tabaka la kwanza, sehemu za mbele, hazina kazi. Nilipomlalamikia bwana huyo mnayemjua alisema, "Andika *ngombe*, watu watakuelewa." Mhariri wangu hakunielewa.

Dada_Fimwea

Kaka, hilo nitakurekebishia leo hii bila kumwuliza mtu, mkato wa juu nitauweka mahali pa Q na Q nitaitupa tabaka la tatu ikasoteshwe huko. Na kama una nafasi, tuzungumze kuhusu A. Herufi inayojitokeza kuliko zote katika Kiswahili tumeiacha chini ya kidole kidogo cha kushoto, kidole kilicho dhaifu kuliko vyote, kwa sababu tu mashine za taipu za Marekani za karne ya 19 ziliiweka huko.

Swichi_Buluu

Mkianza kuhamisha A mimi najitoa. Nina malalamiko mazito kuliko hayo. Nimeweka swichi za bluu zinazolia, kwa pesa yangu, na nyumbani nimeambiwa nichague kati ya kibodi na kulala ndani. Aliyenishauri swichi za bluu hakuniambia zinasikika hadi chumba cha pili, aliniambia tu kwamba "zina tabia."

Mzee_wa_Bamba

Mwanangu, swichi za bluu hazipakwi grisi zikanyamaza, kilio chake kimeundwa ndani. Uza, nunua nyekundu zisizolia, urudi ndani ukalale.

Swichi_Buluu

Mzee, nani atanunua? Kikundi kizima kimeshazisikia.

Safu_ya_Tatu

Samahanini kuingilia, ila kwa kuwa wataalamu mko hapa, nina shida ya haraka. Nimejengewa kibodi hiihii ya vitufe 47 na msaidizi mmoja aliyejitolea, na mstari wa tatu wote umekufa, vitufe 12, haviandiki chochote, huku vingine 35 vikifanya kazi vizuri. Nimechunguza diodi zake kwa kioo cha kukuzia, na ule mkanda mweusi kwenye kila diodi (aina ya 1N4148) unaangalia upande mwingine katika mstari huo peke yake.

Mlehemu_Usiku

Kwenye bodi nimechora mkanda mweupe kila mahali pa diodi kuonyesha upande wa mkanda mweusi! Kila mahali! Hata mtoto wa mwenye nyumba angeona!

Dada_Fimwea

Mdogo wangu, diodi inapitisha umeme upande mmoja tu, ndiyo maana kibodi haichanganyikiwi ukibonyeza vitufe kadhaa kwa pamoja. Kama zingekuwa zimegeuzwa zote 47 ningebadilisha mstari mmoja kwenye QMK na mambo yangeisha, kwa sababu programu inataka kuambiwa mwelekeo mmoja kwa kibodi nzima. Mstari mmoja pekee siwezi kukusaidia. Ng'oa hizo 12, uzigeuze.

Safu_ya_Tatu

Je, dada, niking'oa zile 35 zilizo sahihi nikazigeuza zifanane na hizi 12, halafu wewe ukabadilisha huo mstari, si itafanya kazi pia?

Dada_Fimwea

Itafanya kazi. Lakini ni nani duniani atakushauri hivyo? Haya, ukiamua, chuma chako kisipite nyuzi joto 350, la sivyo shaba itabanduka kwenye bodi na hapo hakuna programu itakayokusaidia.

Safu_ya_Tatu

Ahsante, dada. Niliambiwa niweke 450, na nimeshang'oa nane.