Naomba ushauri: kusafiri peke yangu kwa gharama nafuu, Uturuki hadi Ugiriki

Ndugu zangu, ninapanga kusafiri peke yangu katika pwani ya mashariki ya Mediterania, nikiwa na begi la mgongoni na fedha za kubana, hivyo ninaomba ushauri wa waliotangulia. Nimefikiria kuanzia Antalya, nitembee kwa miguu sehemu ya Njia ya Likia (njia ya matembezi ya pwani ya Uturuki yenye zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo yote siiwezi), kisha nivuke kwa boti kutoka Marmaris hadi Rhodes, kisiwa cha Ugiriki, na kupanda meli ya usiku kwenda Piraeus, bandari ya Athens, nikilala sitahani ili kuokoa gharama ya chumba.

Linalonitatiza zaidi ni viza, kwa kuwa nina pasipoti ya Tanzania. Rhodes imo katika eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja), na nikitaka kurudi Uturuki nitahitaji viza ya Uturuki inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Je, ni busara kurudi, au niishie Athens? Kuhusu malazi sina wasiwasi; ninachohitaji hasa ni uzoefu wa mpakani, yaani maswali ambayo maofisa humuuliza mwanamke anayesafiri peke yake kuhusu fedha na tiketi ya kurudi, na vielelezo vinavyowaridhisha.