Naomba ushauri: mazungumzo ya wahusika yananitoa jasho

Wadau, hamjambo? Natafsiri hadithi fupi ya Kiingereza kuhusu mume na mke wanaogombana ndani ya matatu kutoka Kayole, Nairobi, kwenda mjini. Masimulizi hayana shida. Mazungumzo ndiyo yananisumbua.

Mwandishi anawatofautisha wasemaji kwa viwakilishi vya jinsia tu ("he" na "she"). Kwa Kiswahili wote wawili ni "alisema", na baada ya kauli tatu msomaji hajui nani anamjibu nani. Nikirudia majina kila mstari, ugomvi unapoa. Nimefikiria mke amwite mumewe Baba Njeri, ila mwandishi hakuwapa mtoto, nami sitaki kuwazalia.

Halafu kuna makanga, yaani konda wa matatu. Akiongea Kiswahili sanifu atasikika kama msomaji wa taarifa ya habari. Nikimpa Sheng, ile lugha ya mitaani ya Nairobi, iwe ya mtaa gani, na msomaji wa Tanga ataielewa? Tena Sheng hubadilika haraka, hadithi isije ikachakaa mapema. Naegemea Sheng nyepesi kwa makanga peke yake, bila tanbihi.

Mliowahi kutafsiri hadithi, mnawatenganishaje wasemaji? Na wahariri wenu waliikubali Sheng?