Tupeane uzoefu: siku yako ya kuhubiri mtaani ilikuwaje?

Mama Riziki, Donholm
Wapendwa, nianze mimi. Mimi na mume wangu tulizoea kuhubiri bustani ya Jeevanjee, Nairobi, saa saba mchana, watu wa ofisini wamejilaza kwenye nyasi. Ukifungua Biblia tu, kumi wameshasimama, hata kama wawili wamekuja kubisha.

Tukatumwa Stuttgart, Ujerumani, na watoto wetu wawili. Jumamosi ya kwanza tukashuka Königstraße, barabara ya maduka isiyopita magari, yenye urefu wa kilomita moja na ushei. Hakuna aliyetutukana. Laiti wangetukana! "Nein, danke," kwa upole, na mtu kashapita. Mume wangu alipaza sauti kama yuko soko la Muthurwa. Watu wakatupisha kama wanaopisha ambulensi. Wakaja maafisa wawili, wakasema spika inahitaji kibali. Tukazima.

Binti yangu wa miaka sita akamnyoshea bibi mmoja karatasi ya injili. Bibi akafungua pochi, akamtia yuro mbili kwenye kiganja cha glavu, akampapasa shavu, akaenda zake. Karatasi hakuichukua. Nilitamani ardhi inimeze. Mtoto akaniuliza, "Mama, kumbe tunauza?"

Jioni ndipo babu mmoja aliposimama. Kusikia tunatoka Kenya, akasema Rebmann, yule mmisionari wa zamani, alizaliwa Gerlingen, hapo kando tu ya mji. Sasa mume wangu ni mtu wa Rabai, kule pwani karibu na Mombasa, ambako Rebmann na mmisionari mwenzake Krapf walianza kazi mwaka 1846! Wakashikana mikono kama ndugu waliopotezana. Saa nzima ni Rabai, na theluji ya Kilimanjaro ambayo Rebmann aliiona 1848, wasomi wa London wakakataa kuamini. Injili yenyewe hatukuifikia. Mtoto mdogo alishalala begani.

Leteni zenu.

Abiria wa Umoja
Mimi ni wa kwenye matatu, Umoja hadi mjini. Nasubiri makanga amalize kukusanya nauli ndipo naanza, maana ukimwingilia kazini utashushwa Jogoo Road. Asubuhi moja jamaa wa dirishani akanigeukia: "Mtumishi, nimetoka zamu ya usiku. Niombee usingizi." Gari zima likaangua kicheko. Nikaomba kimyakimya, nikaketi. Alikoroma mpaka mwisho wa safari, kwa hiyo sijui tuseme nini.

Kifunguamimba
Nyinyi mlijitolea. Mimi nilizaliwa humo! Baba alihubiri mbele ya jengo la Archives, katikati ya Nairobi, kila Jumamosi na mimi ndiye nilikuwa mbeba betri. Kidato cha pili, nikaona wenzangu wanne wa darasani wanavuka Moi Avenue kuja upande wetu. Nikachutama nyuma ya spika. Spika yenyewe ndogo, masikio yalibaki nje. Baba naye, kwa sauti ya kusikika hadi Tom Mboya: "Sasa mwanangu mpendwa atatoa ushuhuda!" Nina miaka thelathini na nne na bado kuna watu wananiita Ushuhuda.

Abiria wa Umoja
Pole Ushuhuda 😂 Mama Riziki, zile yuro mbili mlizifanyia nini?

Mama Riziki, Donholm
Baba yao alitaka ziende sadakani. Watoto wakataka brezel, ule mkate wao uliosokotwa wenye chumvi juu. Tukapiga kura. Alishindwa tatu kwa moja, kisha akala kipande kikubwa kuliko sote.